Njia za Sumu: Safari ya Sampuli kutoka Mbeya hadi Chunya, Mkwajuni na Songwe

Nimeiandika simulizi hii baada ya kurudi nyumbani, nikitumia daftari la shambani, picha za simu na risiti nilizozitunza. Safari yenyewe ilifanyika mwishoni mwa Agosti, wakati ardhi imekauka, visima vimeshuka na barabara za vumbi zinapitika. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu ambaye kazi yake ya kila siku ni ya maabara, na dereva, mzee wa Kinyakyusa anayeijua barabara ya Chunya tangu haijawekwa lami. Tulikwenda kukusanya sampuli za maji ya ardhini, udongo na mimea katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, kisha tuteremke hadi bonde la Songwe, ili tujue jinsi zebaki na metali nyingine nzito, pamoja na nitrati na floraidi, zinavyosafiri kutoka zinakoanzia hadi mwilini mwa mtu. Wengi huniuliza kwa nini tusipime maji tu, tukamaliza. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu kila sumu ina njia yake, na zipo zinazomfikia mtu bila kupita kisimani kabisa.

Jumapili, Mbeya

Siku yote ilikwisha kwa kuosha chupa. Chupa za plastiki za kuchukulia maji ya kupima metali zililowekwa katika asidi hafifu, zikasuuzwa kwa maji ya maabara yasiyo na madini, zikafungwa moja moja katika mifuko safi. Za zebaki zilikuwa za kioo, maana zebaki hunata kwenye kuta za plastiki ya kawaida na hata kupenya, na mtu akapata jibu dogo kuliko ukweli. Jioni tulikwenda Mwanjelwa kununua glovu, mifuko ya kaki, kamba, ndoo na barafu ya kujaza maboksi mawili ya baridi. Barafu tuliipata kwa wauza samaki, na mmoja wao alipoambiwa ni ya kutunzia maji ya visima, alituongezea bonge zima bila kudai nyongeza.

Kwa atakayefuata njia hii: barua zianze mapema. Yetu ilipita kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, kisha kwa watendaji wa kata na wa vijiji. Ofisi moja ilitukalisha asubuhi nzima kwa kukosa muhuri mmoja, kwa hiyo beba nakala nyingi na usifunge safari kabla ya muhuri wa mwisho. Jambo jingine ni asidi ya naitriki ya kuhifadhia sampuli. Isipandishwe kwenye basi la abiria hata kidogo. Sisi tuliikodia gari, shilingi 150,000 kwa siku bila mafuta, na chupa yake ilisafiri wima ndani ya ndoo yenye mchanga.

Jumatatu, Mbeya hadi Chunya

Tuliondoka alfajiri. Barabara inaupanda mlima mara tu unapouacha mji, inapita msitu wa Kawetere, na kwa muda mrefu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa zote na kupiga honi katika kila kona. Huko juu wanalima viazi mviringo na pareto, na magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami yakisubiri malori. Tulisimama kunywa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, shilingi 1,500 kwa mtu. Baada ya hapo barabara inashuka upande wa pili, baridi inakwisha, miti ya misonobari inaiachia nafasi miombo, na ndoo za asali zinaanza kuonekana kwenye vibanda.

Kabla ya kuyafikia maeneo ya machimbo tulichukua sampuli za kulinganishia. Watafiti wengi wanaoanza huziruka kwa kuona hapo hakuna kitu, ilhali bila hizo hakuna cha kusema. Udongo wote duniani una zebaki kidogo, aseniki kidogo na risasi kidogo, kutokana na miamba uliyotokana nayo, na mtu asiyejua kiasi cha asili cha eneo lake hawezi kudai kwamba mgodi umeongeza chochote. Tulitafuta shamba lililo mbali na machimbo, upande upepo unakotokea. Wakati wa kiangazi upepo wa huku huvuma kutoka kusini mashariki, na hilo litakuwa na maana zaidi nitakapofika Jumanne.

Kisima kilikuwa kirefu, cha pampu ya mkono, na akina mama waliokuwa foleni walitupisha. Maji yaliyolala ndani ya bomba hayachukuliwi, kwa kuwa yameshakaa na chuma na kubadilika. Unapampu huku ukiangalia vipimo vitatu, yaani joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na upitishaji umeme (unaopanda kadiri maji yanavyokuwa na chumvi), mpaka vyote vitulie, ndipo ujue kwamba sasa unapata maji ya mwambani. Vijana wawili walipokezana na mwenzangu, na maji yote yaliyotangulia yaliingia kwenye ndoo za waliokuwa foleni, hivyo halikupotea tone. Maji ya metali yalichujwa kwa chujio la mikromita 0.45, yakatiwa matone ya asidi hadi pH ikashuka chini ya 2, ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Chupa ya nitrati na floraidi haikutiwa asidi. Daftarini niliandika pia aina ya bomba, kwa sababu mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hutoa zinki na chuma ndani ya maji, na asiyelijua hilo anaweza kuusingizia mwamba.

Chunya mjini tulifika mchana. Chumba cha kulala wageni kilikuwa shilingi 25,000, na mwenye nyumba alitutolea rafu nzima ya friji yake ya soda tuweke chupa usiku kucha. Hakutaka kulipwa kwa hilo.

Jumanne, vijiji vya machimbo

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huku kutoka kila upande. Leo wachimbaji wadogo bado wapo wengi, na kijiji tulichokwenda siku hiyo, ambacho sitakitaja kwa jina kwa sababu wenyeji walitukaribisha majumbani mwao, kinaishi kwa mlio wa makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, tangu asubuhi hadi jioni. Mawe yanatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yanasagwa na karasha yakawa unga, na unga unapelekwa mwaloni, ambako unatiririshwa na maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia. Kinachobaki kwenye magunia kinakung'utwa ndani ya karai, kisha inatiwa zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu, na mtu anachanganya kwa mkono mtupu.

Kijana mmoja alikubali tukae karibu naye hadi amalize. Aliikamua zebaki iliyozidi kwa kitambaa, ikarudi kwenye kichupa chake, na katika kitambaa likabaki donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Aliliweka juu ya koleo na kulisukuma kwenye moto wa mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, na moto wa mkaa unalifikia joto hilo kwa urahisi. Donge lilianza kutoa vishimo vidogo, rangi ya kijivu ikafifia kuanzia pembeni, na baada ya dakika chache njano ikajitokeza. Kijana aligeuza uso pembeni muda wote, kama mtu anayekwepa moshi, lakini mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu na hauchagui upande. Nilimweleza hivyo, akasikiliza kwa makini, akauliza kifaa cha kunasia mvuke kinapatikana wapi na kwa bei gani. Vifaa hivyo vipo, na fundi wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza kwa bomba la chuma lenye mfuniko na mkono unaopoozwa kwa maji, ambamo mvuke unageuka tena kuwa zebaki inayoweza kutumika upya. Kwa kuwa kinamrudishia zebaki ambayo angeinunua tena, kifaa kinajilipia chenyewe, na naamini hoja hii inafika mwaloni haraka kuliko mahubiri ya afya.

Mvuke ule ndio uliotupeleka kwenye bustani. Upande wa kaskazini magharibi wa eneo la kuchomea, yaani upande upepo unakokwenda, palikuwa na nyumba yenye matuta ya mchicha na matembele nyuma yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu, karibuni. Mmekuja kupima dhahabu?”

Tulimweleza tunachotafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mboga hizo ndizo anazowalisha wajukuu na ndizo anazouza, kwa hiyo tupime kweli na majibu tumletee yeye, tusiishie ofisini. Nililiandika neno lake daftarini na kulipigia mstari.

Hapa ndipo lile swali la maji linapojibiwa. Zebaki iliyo kwenye udongo hunaswa zaidi na mizizi ya mimea mingi, na kiasi kidogo tu hupanda hadi kwenye jani. Zebaki iliyo hewani huingia moja kwa moja kupitia vinyweleo vya jani na kubaki humo. Kwa maana hiyo kisima cha mama huyu kinaweza kuwa safi kabisa, udongo wake ukawa wa wastani, na mchicha wake bado ukawa umebeba kilichochomwa hatua chache kutoka uani. Mtafiti aliyepima kisima peke yake angeondoka na habari njema isiyo ya kweli. Ndiyo maana kila tulipochukua jani tulichukua na udongo wa shina lile lile, sentimita 20 za juu kutoka sehemu tano za tuta, tukauchanganya, tukaugawa mafungu manne na kubakiza baadhi tu, kisha tukachukua maji yanayomwagilia tuta hilo. Kila fungu la majani liligawanywa mara mbili: nusu ilioshwa kama inavyooshwa jikoni, nusu ikabaki na vumbi lake, ili tofauti itueleze ni kiasi gani kimekaa juu na kiasi gani kimeingia ndani.

Kwa wanaochukua mimea: majani yawe ya umri mmoja, yawekwe katika mifuko ya karatasi, kwani katika plastiki yanatoa jasho na kuoza kabla ya kufika mjini. Sampuli za zebaki zisikaushwe kwenye oveni yenye joto kubwa, maana zebaki itaruka. Zikaushwe kivulini, mahali ambapo hakuna anayechoma chochote.

Mama alikataa pesa ya mboga. Alituongezea fungu la matembele la kupikia, na mwenzangu akaona aibu kulikataa na ugumu kulila. Tuliongeza lebo, tukaliingiza nalo kwenye sampuli.

Jumatano, Makongolosi na pembezoni

Kutoka Chunya hadi Makongolosi ni lami, na safari haikuwa na la kusimulia isipokuwa mashamba ya tumbaku yaliyovunwa na mabani ya kukaushia yaliyobaki matupu. Tulisimama kuchukua udongo na mabaki ya majani ya tumbaku, kwa sababu mmea huu una tabia ya kufyonza kadimi, metali nzito yenye sumu, kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani kuliko mazao mengi.

Makongolosi ni mji uliokua kwa kasi, nyumba zimesogeleana, na katika viwanja vingi kisima kifupi na choo cha shimo vinatazamana. Tulipima nitrati papo hapo kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kinacholindwa zaidi ni afya ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Visima kadhaa karatasi zake ziliiva rangi kali ya zambarau, na hatukungoja maabara kuwaambia wenyewe: maji haya asipewe mtoto mchanga, na kuyachemsha hakusaidii, kwani nitrati haichemki ikaondoka, na maji yakipungua inazidi. Katika mji wa migodi chanzo hakiko wazi. Nitrati inaweza kutoka chooni, inaweza kutoka kwenye mbolea, na inaweza pia kutoka kwenye baruti, kwa kuwa amoniamu nitrati ndiyo malighafi kubwa ya milipuko ya machimbo. Tulipima kloridi pamoja nayo, kwa sababu maji ya chooni huja na chumvi nyingi, na baruti haiji nayo.

Mchana tulipata wali, maharage na samaki wa kukaanga kwa mama lishe karibu na stendi, shilingi 4,000 sahani. Alipoona glovu na chupa aliuliza maswali mengi na mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa katika semina, likiwemo moja ambalo nitalirudia siku ya Alhamisi.

Alasiri ilikuwa ya marudio. Zebaki hainasi dhahabu yote, na sehemu kubwa hubaki kwenye mchanga uliokwisha oshwa, ambao wenyewe huuita marudio na kuuza kwa wenye mitambo ya kuchenjua, yaani kuitoa dhahabu iliyobaki, kwa sayanidi. Jambo lenye hatari hapa ni mkutano wa kemikali mbili. Marudio yamebeba zebaki iliyomwagika mwaloni, na sayanidi inayoyeyusha dhahabu huyeyusha na zebaki pia, ikaifanya isafiri na maji kwa wepesi ambao peke yake isingekuwa nao. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja uchenjuaji wa namna hii bila kuondoa zebaki kwanza miongoni mwa mienendo mibaya inayopaswa kukomeshwa, pamoja na uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu.

Msimamizi wa mtambo mmoja alituruhusu kuingia hadi kwenye mabwawa, akatuonyesha jinsi wanavyotia chokaa ili pH isishuke chini ya 10, kwa kuwa ikishuka sayanidi inatoka kama gesi ya kuua. Turubai la chini ya bwawa lilikuwa zima. Tulichukua maji ya kisima kilicho chini ya mteremko na udongo katika mstari unaotoka bwawani kwenda kwenye mashamba ya mihogo. Sayanidi iliyo juani na hewani huvunjika yenyewe baada ya muda, lakini ikishazama ardhini pasipo mwanga hukaa zaidi. Metali ilizozibeba hazivunjiki kamwe.

Alhamisi, Makongolosi, Saza, Mkwajuni hadi Galula

Hapa lami ikaisha. Tulipita Saza, ambako mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950, na tulichukua udongo katika maeneo ya uchimbaji wa zamani. Miamba yenye dhahabu huku ina madini ya salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa, na salfaidi ikikutana na hewa na maji ya mvua hutengeneza asidi inayozilegeza metali kutoka kwenye jiwe. Mchimbaji akiondoka, mchakato huo unaendelea bila yeye, mvua baada ya mvua.

Mbele ya Mkwajuni barabara inashuka kwenye bonde la Rukwa, na joto linapanda kila kilomita. Katika kivuko cha mchanga tulilikuta Fuso lenye magunia ya mpunga limezama hadi ekseli, na mstari wa magari na pikipiki pande zote mbili. Tulikaa hapo zaidi ya saa tatu. Vijana wa kijiji cha jirani walikuja na majembe na matawi, wakachimba, wakatandika, wakasukuma, na Fuso lilipotoka walitupitisha na sisi. Dereva wetu aliwashukuru kwa lugha ya kwao, “ndaga fijo”, na ingawa hawakuwa Wanyakyusa walicheka na kuitikia. Tuliwanunulia soda za shilingi 10,000. Kwa atakayepita: jaza mafuta Makongolosi, beba koleo na maji ya kunywa ya siku mbili, na mvua zikishaanza usijaribu njia hii na gari dogo.

Barafu yetu ilikuwa imebaki maji matupu. Muuza samaki wa barabarani, aliyekuwa na barafu ya kutosha boksi lake tu, alitugawia nusu.

Swali la mama lishe wa Makongolosi lilikuwa hili: zebaki ikioshwa na mvua inakwenda wapi? Nilimjibu pale pale, lakini jibu linaonekana vizuri zaidi ukiwa huku chini. Mto Lupa na mto Songwe wa upande huu yote inamwaga katika Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. (Msafiri asichanganye: upo Songwe mwingine, ule wa mpaka wa Tanzania na Malawi, unaokwenda Ziwa Nyasa.) Maji ya Rukwa yanaondoka kwa kuwa mvuke tu, na kila kilichokuja na mto kinabaki. Katika tope lisilo na hewa, bakteria wanaoishi kwa salfeti huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo wadudu wa majini huila, samaki wadogo huwala wadudu, na wakubwa huwala wadogo, ikiongezeka katika kila hatua. Hiyo ndiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata kule Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na wao hawakuinywa kwenye maji bali waliila kwenye samaki. Kazi ya samaki haikuwa yetu safari hii. Tulichukua tope la mtoni katika vituo vichache na maji ya visima vya kingo zake, tukaandika mahali pa kurudi.

Galula tulifika jioni, tukala ugali na kuku wa kienyeji, tukalala.

Ijumaa, chemchemi za Songwe

Kutoka Galula tulipanda kuelekea Mbalizi, na kabla ya kufika barabara kuu tulikata kwenda kwenye maji moto ya Songwe. Sehemu hii inahitaji buti. Maji yanatoka yakiwa ya moto sana, juu ya nyuzi 60, ukingo ni mwembamba kuliko unavyoonekana, na watoto wa jirani walitushika mikono na kutuonyesha pa kukanyaga.

Hapa hakuna mgodi wa dhahabu wala karasha. Sumu ya hapa inatoka kwenye mwamba wenyewe, na namna inavyotoka inastahili kuelezwa taratibu. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za bonde la ufa, hupashwa joto chini, hukutana na gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa na nguvu ya kuyeyusha madini, ikiwemo floraidi. Yakifika juu, gesi inatoka, na kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka inaganda kuwa chokaa ngumu. Zile kuta nyeupe na za rangi ya maziwa ambazo watu wanakuja kuzipiga picha, na ambazo zimechimbwa kwa ajili ya mawe ya mapambo, ndizo chokaa hiyo. Kalsiamu ndiyo yenye uwezo wa kuishika floraidi na kuizamisha. Ikishaganda kuwa mwamba, maji yanayoendelea mbele yana sodiamu nyingi, kalsiamu kidogo, na floraidi isiyo na wa kuishika.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho hicho. Kipimo chetu cha shambani kilikipita kiwango hicho mara kadhaa kwenye chemchemi, jambo ambalo halikumshangaza yeyote kwa kuwa hakuna anayeyanywa. Tulichotaka kujua ni umbali. Tulipima visima kwa mstari, kutoka chemchemi kuelekea mashambani, na floraidi ilishuka kadiri maji baridi ya juu yalivyochanganyika, lakini haikushuka sawasawa. Kisima kimoja kilicho mbali kilisoma juu kuliko kilicho karibu, na upitishaji umeme wake ulikuwa mkubwa vilevile. Huenda kipo juu ya ufa mwingine. Hicho ndicho kisima kilichotukalisha hadi jua linazama, tukipima upya baada ya kila nusu saa, na namba haikubadilika.

Mzee mwenye kisima alitusikiliza hadi mwisho. Alitaka kujua kama achemshe. Tulimwambia kuchemsha kunaua vijidudu, na ni vizuri aendelee, lakini floraidi haiondoki kwa moto. Kinachoiondoa ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, au kuchanganya maji haya na ya mvua ili kiwango kishuke. Kwa kuwa ana bati na mifereji, tulikaa naye tukapiga hesabu ya tangi. Wajukuu wake ambao meno hayajabadilika ndio wanaofaidika zaidi, kwani floraidi huharibu jino linapojengwa ndani ya fizi, na likishaota limeharibika, halirudi.

Jumamosi, Mbeya

Sampuli zote zilikabidhiwa maabara kabla ya saa nne asubuhi, kila moja na namba yake, saa, mahali na jina la aliyeichukua, zikiwemo chupa za maji ya maabara tulizozifungua na kuzifunga shambani ili kujua kama mikono yetu au vumbi la gari viliongeza kitu. Gharama ya upimaji wa zebaki na aseniki ndiyo inayokula bajeti kuliko mafuta, magari na kulala kwa pamoja; anayepanga kazi kama hii aanze kuhesabu kutoka hapo, ndipo aamue idadi ya visima. Ni afadhali vituo vichache vyenye maji, udongo na mimea ya mahali pamoja kuliko visima vingi vilivyopimwa peke yake.

Majibu ya maabara bado hayajatoka. Yakitoka yatapelekwa kwanza kwa mkono, kwenye bustani ya mchicha, kwenye visima vya Makongolosi na kwa mzee wa Songwe, pamoja na maelezo ya nini kifanyike kwa kila namba, na baada ya hapo ndipo nitayaandika hapa. Kijana wa mwaloni ameshapigiwa simu. Fundi wa kuchomelea wa Chunya amekubali kumtengenezea kifaa cha kunasia mvuke, na bei wameelewana.